Neno Moja Aliloliruka Mfasiri

Daftari hili lilikuwa la Jiografia. Nimechana kurasa za mwanzo, zile za mito na miamba, nipate mahali pa kumweka Mfasiri. Jina lake ninalijua, lakini hapa Tukuyu hakuna anayelitumia. Watu wazima humwita Mama Mfasiri, watoto Mfasiri tu, na vijana wa bodaboda humwita Indonesia, utadhani nchi nzima imeshuka stendi na mwavuli mkononi.

Mimi siongei sana. Naliandika mapema kwa sababu lina sehemu yake katika haya. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, jibu hupanda hadi kwenye meno, likageuza na kurudi. Niko kidato cha tatu na bado kuna walimu wanaodhani nina tatizo la masikio.

Na hili nalo liandikwe mapema. Kaka yangu alikuwa akikata majani ya ng'ombe katika bonde moja chini ya shamba la chai, kila asubuhi, kabla jua halijafika chini kule. Nitakachosimulia kuhusu Mfasiri, hata kile cha kuchekesha, kinaelekea bondeni.

Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi. Juu ya mlango kuna ubao alioupaka rangi mwenyewe: TAFSIRI ZA KIINDONESIA. VYETI, BARUA, MIKATABA. Ndani kuna kompyuta, kamusi nne zilizofungwa kwenye mifuko ya nailoni kwa ajili ya unyevu, mhuri, na benchi. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Akiongea na simu hupandisha sauti kwa sababu ya bati, kwa hiyo duka zima hujua leo anafasiri nini: karatasi za magunia ya kakao, cheti cha ndoa cha mtu wa Dar es Salaam, maelezo ya dawa, matokeo ya mwanafunzi aliyepata nafasi ya kusoma kule.

Fundi viatu wa mlango wa jirani alimuuliza siku moja, mbele za watu, "Mama, sisi hapa tuna ndizi, tuna chai, tuna mvua. Kiindonesia cha nini?"

Mfasiri hakuinua macho. "Kuna mtu mahali amenunua mashine. Maelezo yake yameandikwa kwa lugha asiyoijua. Mkono wake uko karibu na kisu cha mashine hiyo. Huyo ndiye mteja wangu."

"Na akikatika?"

"Atakuwa amekatika kwa sababu yangu."

Fundi alicheka, kisha akaacha kucheka. Ndivyo mazungumzo mengi na Mfasiri yalivyoisha.

Alikuwa na sheria moja ambayo wateja waliichukia. Hakupiga mhuri kabla mtu mwingine, asiyejua lolote la kazi hiyo, hajaisoma tafsiri kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliita kuipitisha kinywani. Msomaji akijikwaa mahali, Mfasiri alichukua kalamu na kuanza upya. Mara nyingi msomaji alikuwa kijana wa fotokopi, mwenyeji wa Kiwira, anayesoma kama anatangaza mpira. Siku moja nilipita kumpelekea Mfasiri ndizi kutoka kwa mama, kijana hayupo, akanipa mimi karatasi. Nikasoma. Aliniacha nimalize.

"Umesoma vizuri," akasema. "Ila karatasi yenyewe haijakusikia."

Hakunicheka. Ndiyo maana nilianza kumpenda, na ndiyo maana nilimwogopa.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyeleta cheti cha mwanawe. Somo moja lilikuwa baya. Mzee akasogeza kiti, akashusha sauti. "Mama, wewe ni mtu wa kanisa. Hapo kwenye hiyo F, huko kwao si wanaweza kuwa na herufi nyingine inayofanana na C?"

"Wanazo herufi kama zetu, baba."

"Huruma je, hawana?"

"Wanayo nyingi. Lakini haijaandikwa hapa."

Na kulikuwa na dereva wa lori wa Kiwira aliyependana kwa simu na mwanamke wa Kiindonesia, miezi na miezi. Alikuja na ujumbe mrefu kwenye simu, akiwa amevaa shati jipya, na rafiki zake wawili wa kushuhudia. Mfasiri aliusoma kwa sauti ileile anayosomea maelezo ya mashine. Mwanamke alikuwa anasema ameolewa Jumamosi, anamshukuru, asimtafute tena.

Dereva akauliza, "Hakuna kingine?"

"Kuna nukta," akasema Mfasiri. Kisha akampa chai.

Watu walisema hana moyo. Mama yangu alisema, "Anao, ila ameufunga kwenye nailoni kama zile kamusi."

Nyumbani kwake ni juu kidogo ya kwetu. Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka mjini, upande wa kwendea Kisiba. Alikuwa akichemsha soya, akiipoza, akiichanganya na unga fulani, akaifunga kwenye majani ya mgomba na kuiacha siku mbili mpaka iote ukungu mweupe. Aliita tempe. Majirani waliita maharage yaliyooza. Mwenyekiti wa kijiji alionja mara moja akasema ni kama uyoga uliokasirika. Mfasiri aliikaanga kila Jumamosi, akala peke yake na pilipili, amekaa kizingitini akiangalia mlima Rungwe ukifunikwa na mawingu.

Kutoka Indonesia, alikokaa zamani na mumewe, alirudi pia na neno moja alilolipenda, belum. Alinieleza kwamba wale watu hawapendi kusema hapana. Ukimuuliza mzee kama ana wajukuu, na hana, hatasema hana. Atasema belum, yaani bado. Mfasiri alilitumia kwa kila kitu. Mvua imekatika? Bado. Umepona kifua? Bado. Mwanzoni lilinifurahisha. Baadaye nilianza kusikia kwamba "bado" ya Mfasiri ilikuwa na kitu nyuma yake, kama mtu aliyesimama nje ya mlango na hajabisha hodi.

Sasa nifike kwa wageni.

Walikuja wataalamu wanne wa Kiindonesia, wameletwa na ofisi moja ya Mbeya, kupima mvuke ulio chini ya ardhi yetu, wa kuzalishia umeme. Kwao nako kuna milima ya moto, hiyo kazi wanaijua. Mfasiri ndiye aliyekuwa kinywa chao. Kwenye mkutano wa kwanza, chini ya bati la ofisi ya kijiji, mzee mmoja aliuliza kama kutoboa ardhi kutaamsha tetemeko jingine kama lile dogo la mwaka juzi. Mtaalamu mkuu akamgeukia mwenzake, akasema kitu cha pembeni kwa sauti ya chini. Mfasiri akageukia watu.

"Anamwambia mwenzake: hawa hawataelewa, waambie tu hakuna shida."

Yule mwenzake alikuwa anajua Kiswahili kidogo, akawa mwekundu. Mtaalamu mkuu akamuuliza Mfasiri jambo, naye akamjibu, kisha akatufasiria hilo nalo: "Ameniuliza kwa nini nimesema. Nimemwambia, kwa sababu ulisema."

Mgeni yule alisimama, akaomba radhi, akaeleza upya, pole pole, kwa saa nzima. Tangu siku ile kijiji kizima kilimwamini Mfasiri kuliko redio. Mwenyekiti alikuwa akisema, "Huyu mama hata kikohozi anafasiri."

Ni kweli. Hakuacha neno. Isipokuwa moja.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake. Wazee wanaita ukutila, kuogopa kwa heshima. Zamani hata kumtazama usoni hakuruhusiwa. Mwanamke akimwona anakuja, huingia migombani mpaka apite. Siku hizi wasichana walioolewa mjini wanawapigia simu baba wakwe zao na kuwaomba vocha. Lakini Mfasiri alishika desturi ile kama mama zake walivyoishika, na nilimsikia mama akieleza sababu.

Mume wake alipelekwa Indonesia kusomea mitambo ya kukaushia chai, naye akafuatana naye. Walikaa miaka tisa. Mume akafia hukohuko. Mfasiri alirudi na jeneza na kamusi, hana mtoto. Ndugu wa mume wakataka aondoke, migomba igawanywe. Baba mkwe alitoka ndani, akasimama uani na fimbo yake, akasema, "Huyu ni mkamwana wangu. Kuanzia hapa mpaka kule ni kwake." Akaingia ndani. Hakuzungumza naye zaidi ya hapo, maana desturi haikuruhusu, na baada ya muda naye akafa.

"Nina cha kumlipa?" Mfasiri alimwambia mama. "Ni hilo moja tu."

Mama akamwambia kwamba zamani mkwe aliweza kumfungulia mkamwana mwiko huo, wakazungumza.

"Aliye hai ndiye anayefungua," akasema Mfasiri.

Sasa, lile bonde ambamo kaka yangu alikuwa anakata majani linaitwa kwa jina la huyo baba mkwe, kwa sababu alilima pale ujanani. Kila mtu analiita hivyo, mpaka watoto. Nami sitaliandika hapa. Mtaona kwa nini.

Ilikuwa hivi. Wataalamu walizunguka mabonde yetu yote na kifaa chao kidogo kinacholia. Tangu lile tetemeko, ndege walikuwa wanaonekana wamekufa bondeni mle, wamelala kwenye majani hawana jeraha. Wataalamu waligundua kwamba kuna hewa inayotoka ardhini, haina harufu wala rangi, nzito kuliko hewa ya kawaida. Pakiwa na upepo, au jua likishafika chini, hutawanyika. Asubuhi ya baridi isiyo na upepo hulala chini kama maji kwenye bakuli, na mtu akiinama ndani yake hainuki. Waliandika ripoti kwa lugha yao, kurasa arobaini, na katika ukurasa mmoja wakaandika jina la bonde. Ofisi ya Mbeya ikampa Mfasiri aitafsiri, ili kijiji kiweke bango na nguzo.

Alifasiri kurasa zote arobaini. Alipofika kwenye lile jina, mkono haukuenda. Akaandika: bonde lenye majani mengi, chini ya shamba la chai.

Kwake yeye bonde la namna hiyo lilikuwa moja tu. Ukikwepa jina la mahali kwa miaka mingi, unaanza kudhani ndipo mahali pekee. Ripoti ikapitishwa kinywani, kwa sauti ya kutangaza mpira, na kijana yule wa Kiwira hakujikwaa hata mara moja, kwa sababu mabonde yetu hayajui. Mhuri ukapigwa. Wageni wakarudi kwao.

Lakini mabonde yenye majani chini ya shamba la chai yako manne. Mwenyekiti alisoma karatasi, akafikiria, akachagua lile la karibu na barabara. Likapigwa nguzo na bango jekundu: HATARI. HEWA MBAYA. USIINGIE. Watu wote waliokuwa wanakata majani mle wakahamia kwingine. Na wengi wao, mnajua walihamia wapi.

Mfasiri aliliona bango siku ya Alhamisi, akitoka mjini. Nilikuwa nyuma yake na madaftari. Alisimama mbele yake muda mrefu, mwavuli umefungwa ingawa manyunyu yalikuwa yanaanguka.

"Gwe mwana," akaniambia, "nani ameliweka hapa?"

"Mwenyekiti."

"Kwa karatasi ipi?"

Alikuwa anajua.

Kesho yake alfajiri alikuja kwetu, akaniomba kwa mama nimsindikize kabla ya shule. Tukaenda mpaka kwenye ukingo wa lile bonde jingine, lile lenyewe, kabla wakataji hawajafika. Ukungu ulikuwa umelala chini, umetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Hakukuwa na sauti ya mdudu hata mmoja. Alikuwa na koroboi na kamba ya katani. Akawasha koroboi, akaifunga, akaanza kuiteremsha taratibu juu ya majani. Iliwaka vizuri. Ikafika usawa wa goti la mtu ambaye angesimama chini mle. Ikazimika. Haikupepesuka kama kwenye upepo. Ilizimika kama mtu ameibana kwa vidole.

Akaivuta juu, akaiwasha tena, akaiteremsha tena. Ikazimika palepale.

"Umeona?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Kaka yako anakata wapi majani?"

Nikanyoosha mkono chini.

Siku ileile alituma barua Mbeya, akieleza bonde hilo kwa kila njia isipokuwa jina: upande gani, hatua ngapi kutoka kwenye mfereji, mti gani uko ukingoni. Wakamjibu kwa simu kwamba barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Akaomba Mwenyekiti aitishe mkutano. Ukaitishwa Jumapili baada ya ibada.

Huu mkutano natamani usingekuwepo, au mimi nisingekuwepo.

Mfasiri alisimama. "Bango liko mahali pasipo pake. Kosa ni langu. Bonde lenye hewa mbaya ni jingine."

"Lipi?" akauliza Mwenyekiti.

"Lile la chini zaidi. La mwenye nyumba yetu."

"Nyumba ipi, mama? Hapa kila mtu ana nyumba."

Watu wakacheka kidogo. Akasema lile lenye mvule uliokatika. Mtu akasema mivule iliyokatika ni mitatu. Akasema lile ambalo mfereji unapinda. Mzee mmoja akasema mfereji huo unapinda kama nyoka mwenye tumbo, aseme pindo la ngapi.

"Mama," akasema Mwenyekiti, si kwa ubaya, "siku zote unatufasiria mpaka kikohozi. Leo taja jina tu, twende tukale."

Hakulitaja. Kina mama wazee walikuwa wameshaelewa, wakainamisha vichwa, kwa sababu nao wana majina wasiyoyataja. Hakuna aliyemsaidia. Labda walidhani si hatari ya kweli. Labda walidhani kuna mwingine atakayesema.

Desturi ina mlango wake: asiye mkamwana anaweza kulisema jina kwa niaba. Mtoto yeyote anaweza. Mfasiri alijua. Akanigeukia mimi, nimekaa kwenye mkeka karibu na ukuta, akanitazama tu. Nilikuwa nimeiona koroboi ikizimika. Nilikuwa nalijua jina. Lilipanda, likafika kwenye meno. Watu kama themanini waligeuka kunitazama.

Likageuza.

"Basi," akasema Mwenyekiti, "tutasubiri barua ya Mbeya. Kama bango litahamishwa, litahamishwa kwa barua."

Usiku nilijikaza, nikamwambia kaka. Alikuwa ananoa panga nyuma ya jiko.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe kuomba chumvi kwa jirani unashindwa, leo umekuwa mtaalamu wa hewa?"

"Taa ilizimika. Niliona."

"Upepo."

"Hakukuwa na upepo."

"Sikiliza. Nimekata pale tangu nimalize kidato cha nne. Pangekuwa na hatari wangeweka bango pale. Wameweka kule. Na kule sasa majani yote ya mle yamebaki yananicheka." Akajaribu ukali wa panga kwa kidole gumba. "Ng'ombe ana mimba. Utamlisha ripoti?"

Nikamwambia mama pia. Mama akasema atazungumza naye, na akazungumza, na kaka akasema sawa. Jumatatu alikata pembeni ya barabara. Jumanne pia. Nikaanza kupumua.

Jumatano ilikuwa baridi. Hakuna jani la mgomba lililotikisika. Nilikuwa njiani kwenda shule nilipokutana na Mfasiri kwenye kona inayotazamana na shamba la chai, ng'ambo ya bonde. Alikuwa ameinua kidole kimoja hewani, anapima upepo.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Ameenda kukata majani."

"Wapi?"

Nilikuwa nimemwona akichukua ile kamba ndefu anayofungia majani ya bondeni, siyo ile fupi ya barabarani. Nilikuwa nimeiona tangu alfajiri, na nilikuwa nimeamua kutoijua maana yake. Nikamwambia Mfasiri. Nikasema jina, kwa sauti yangu ile ambayo karatasi haisikii.

Akaangalia ng'ambo. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni mpaka karibu na ukingo. Juu yake, kwenye mteremko, tuliwaona wachuma chai na vikapu vyao, wadogo kama mbegu. Wao walikuwa dakika tatu kutoka kwenye bonde. Sisi, kwa kuzunguka, tulikuwa nusu saa.

"Waite," akaniambia.

Nikafungua mdomo. Nawaapieni nilifungua. Kilichotoka hakikuvuka hata mfereji.

Mfasiri akaweka mkoba wake chini kwenye matope. Akaweka viganja kando ya mdomo. Kamusi zake nne zisingemsaidia pale. Huwezi kupiga kelele ng'ambo ya bonde ukisema lile la chini zaidi, la mwenye nyumba yetu, lenye mvule uliokatika. Kinachovuka ni jina.

Akalitaja.

Alilitaja kwa sauti ambayo sikujua anayo, mara tatu, likagonga mteremko likarudi. Kisha: "Kuna mtu ndani! Msishuke! Mvuteni kwa kamba!"

Kule ng'ambo vikapu vikaanguka. Walikuwa watu wa huku, walilijua jina, hawakuuliza lipi. Wakakimbia.

Mfasiri alikaa chini palepale kwenye nyasi zenye umande, akajifunika khanga kichwani mpaka usoni, kama mkamwana aliyekutana na mkwe wake njiani bila mgomba wa kujificha. Alibaki hivyo. Mimi nikaanza kukimbia.

Walimpata kaka amelala kifudifudi ukingoni mwa ukungu, miguu ndani, kichwa juu kidogo ya mteremko. Alikuwa amejaribu kutoka. Walimnasa mkono kwa kitanzi cha kamba, wakamvuta. Mbwa wetu alikuwa amemfuata. Huyo walimwacha mlemle.

Bango lilihamishwa mchana uleule, bila barua.

Kaka aliishi. Alikaa hospitali siku kumi na mbili, akarudi anatembea, anakula, anatutambua sote. Ila majina ya vitu yamemtoka. Panga anaita kile cha kukatia. Jiko, pale pa moto. Ng'ombe alipozaa alikuja akikimbia kuniambia, akasimama mlangoni, akahangaika. "Yule," akasema. "Yule wa maziwa. Amepata mdogo." Kaka yangu sasa anazunguka kila neno kama mtu aliyekatazwa kulisema. Daktari alisema huenda yatarudi.

Mfasiri alifunga ofisi kwa majuma kadhaa. Nilimwona jioni akienda kwenye kaburi la baba mkwe wake. Hakufika karibu, alisimama kwenye migomba, kwa mbali, anazungumza. Sikusikia alichosema na sikutaka kusikia. Alipofungua ofisi, mama alianza kumpeleka kaka kwake kila Jumanne. Hukaa kwenye lile benchi. Kaka huzungushazungusha maneno, Mfasiri husubiri mpaka amalize, kisha humpa neno moja. Hamharakishi. Hajapiga mhuri mpaka leo, anasema kazi haijaisha.

Jumanne hii nilikwenda nao. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kaka alikuwa anatazama nje, kuelekea upande wa kwetu, na uso wake ukabadilika.

"Pale," akasema. "Pale nilipo... pale penye baridi ya chini. Panaitwaje?"

Alinitazama mimi. Nilihisi jina linapanda. Sijui kama safari hii lingetoka, sikupata nafasi ya kujua. Mfasiri alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya karatasi. Akalisema, taratibu, kama mtu anayemsogezea mgeni kigoda.

Kaka akatikisa kichwa. "Ndiyo. Hapo." Akalirudia mwenyewe, silabi kwa silabi, na lilikuwa jina la kwanza la mahali alilolikamata tangu asubuhi ile.

Tulipotoka nilibaki nyuma kidogo. Nikamuuliza, kwa sauti iliyosikika juu ya bati, nilishangaa mwenyewe, "Mama, mzee amekusamehe?"

Alikuwa ameshavaa miwani, ameshaanza ukurasa mwingine, vyeti vya mtu wa mbali.

"Bado," akasema.

Njiani kurudi tulipita juu ya bonde. Nguzo zimelizunguka, bango jekundu limeanza kuota kutu. Mle ndani majani yamekua marefu kuliko kwingine kote, mazito, ya kijani sana, na hakuna kitu kinachoyatikisa.